Nyumba ya Mwanza isiyochoma mchana wala kutetemesha alfajiri: mwongozo kamili wa maboresho

Watu wa Njombe na Makete wakisikia mkazi wa Mwanza analalamikia baridi hucheka, na hatuwezi kuwalaumu, maana kwao asubuhi za Julai huamkia sakitu juu ya majani. Lakini baridi inayomtesa mtu ni ile iliyo ndani ya chumba anacholala. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hupungua, upepo wa kusini-mashariki hushika kasi, na usiku joto hushuka hadi kati ya nyuzi 15 na 18. Mtu mzima mwenye afya hujifunika akalala. Mtoto mchanga, bibi mwenye maumivu ya viungo na mgonjwa wa pumu hawalali.

Nyumba hiyohiyo, saa nane mchana, haikaliki kwa joto. Wengi hudhani hayo ni matatizo mawili, wakanunua feni kwa joto na blanketi kwa baridi. Ni tatizo moja: bati lisilo na kitu chini yake. Mchana bati hupokea jua na kulishusha kwenye vichwa vya watu. Usiku wa anga safi bati hupoteza joto lake kuelekea angani, likawa baridi kuliko hata hewa ya nje, na hewa ya chumbani inayoligusa ikapoa na kushuka juu ya vitanda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia juu na kuteremka. Ukiwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, ifanye ile ya juu.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba yako kabla ya kwenda dukani

Nunua kipimajoto cha ukutani, ni kitu cha bei ndogo. Kitundike kwenye chumba chenye shida, mbali na dirisha na usawa wa kifua, kisha usome saa nane mchana, saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Fanya hivyo siku chache, uandike. Bila namba utatumia fedha halafu ushindwe kujua kama zimesaidia.

Kisha tafuta nyufa kwa moshi. Subiri jioni yenye upepo, funga milango na madirisha yote, zima feni, washa udi. Tembea nao polepole kando ya fremu za madirisha, chini ya mlango, kwenye kona za kuta na pale ukuta unapokutana na bati. Moshi ukipanda wima, pako salama. Ukilala upande mmoja ghafla au ukivutwa kuelekea ukutani, hapo upepo una njia. Weka alama ya chaki. Watu wengi hushangaa kukuta dirisha walilolilaumu miaka yote halina neno, na upepo unapita juu ya fremu ya mlango ambako fundi hakumalizia lipu.

Kazi ya tatu ni ya mchana. Zima taa, funga mapazia, tazama juu. Kila kitone cha mwanga ni tundu la msumari au bati lililoachana na mwenzake. Chora alama kwenye papi (ubao unaopigiliwa bati) iliyo karibu, ili ukipanda ujue pa kushika.

Ya nne hufanywa alfajiri, na ndiyo watu huiruka. Chukua tochi, mulika upande wa chini wa bati. Katika usiku mkavu wa Juni au Julai unaweza kuona safu ya matone imejipanga kwenye mabonde ya bati, moja baada ya jingine, mengine yakianza kuteleza kuelekea papi na kudondokea juu ya chandarua. Hilo siyo bati linalovuja. Ni pumzi za waliolala na mvuke wa chakula cha jioni vilivyogusa bati baridi vikageuka maji. Tofauti ni hii: bati linalovuja hudondosha mahali pamoja baada ya mvua, jasho la bati hutokea eneo zima bila mvua yoyote. Ukikosea hapo utapaka lami juu ya bati zima na matone yatarudi usiku unaofuata.

Hatua ya pili: mabati yenyewe

Anza na misumari. Msumari wa bati una kofia na raba, na raba hukauka na kupasuka kwa jua. Badilisha iliyochoka, na palipolegea weka skrubu ya bati yenye raba, kwa sababu msumari uliopigwa tena kwenye tundu lililokwishapanuka hautakaa. Upepo wa radi zinazotoka ziwani huinua bati kuanzia ukingoni, kwa hiyo kagua kwanza mistari miwili ya misumari iliyo karibu na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) na ile ya kofia ya juu, pale pande mbili za paa zinapokutana.

Kama unaezeka upya, usilipie bati nene ukidhani litazuia joto. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 kuliko 32. Unene huo unasaidia bati kudumu na kuhimili upepo, lakini kwa joto haubadilishi chochote cha maana, kwani chuma chembamba na kinene vyote hupitisha joto. Kinachobadilisha ni rangi. Nyeupe na rangi nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua. Nyeusi, kahawia na kijani kizito huinyonya. Najua paa la rangi nzito linapendeza kutoka barabarani. Walio ndani ndio wanaolilipia kila mchana, na kwa maoni yangu bei hiyo ni kubwa mno.

Onyo moja kwa wenye nyumba za zamani. Kama paa lako ni la shiti ngumu za kijivu zenye mawimbi, zisizo za chuma, huenda ni asbesto. Usizikate, usizitoboe, usizisugue, usiruhusu fundi azivunje kwa nyundo. Vumbi lake likiingia mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Zikiwa nzima ziache zilivyo, na kama ni lazima zitoke, tafuta ushauri wa halmashauri kabla ya mtu yeyote kupanda.

Hatua ya tatu: uwazi wa juu ya ukuta

Nyumba nyingi za kwetu, kutoka Mabatini hadi Buswelu, zina nafasi kati ya kichwa cha ukuta na bati. Waliozijenga hivyo hawakuwa wajinga. Joto hupanda, na hapo ndipo linapotokea. Shida ni kwamba usiku wa kipupwe upepo huingia papo hapo, na mbu waenezao malaria hupenda sana kuingilia hapo.

Fundi mmoja alimwambia jirani yangu: "Mama, hapa tunaziba kwa zege mpaka kwenye bati, baridi inakwisha." Yule mama akamuuliza, "Na joto la mchana litokee wapi, fundi?" Swali lake ndilo sahihi. Ukiziba kabisa bila kuweka dari, umefungia joto la mchana na jasho la usiku ndani ya chumba kimoja na watoto wako.

Mpango unaofanya kazi ni kuigawa nyumba sehemu mbili. Chini ya dari ni chumba cha watu, na hiki ndicho kinachozibwa nyufa. Juu ya dari ni chumba cha hewa kati ya dari na bati, na hicho huachwa kipumue kupitia uleule uwazi wa juu ya ukuta, sasa ukiwa na wavu. Upepo wa ziwani unaovuma kuelekea nchi kavu kila alasiri utapita pale juu na kufagia joto chini ya bati kabla halijashuka. Usiku upepo huohuo wa juu haumgusi aliyelala.

Wavu uwe wa tabaka mbili: wavu mgumu wa waya nje, kuzuia popo, ndege na panya, na wavu laini wa mbu ndani yake. Ukate wenye ziada ya angalau sentimeta 5 kila upande, uubane kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa, maana wavu uliobanwa kwa misumari mitupu hufunguka baada ya msimu mmoja wa mvua.

Kama popo wamekwishahamia juu, usiwafungie ndani, wataoza na kunuka. Simama nje jua linapozama utazame wanapotokea. Waache watoke wote, kisha ziba tundu hilo. Ukiona wana watoto, subiri wakue waweze kuruka. Kinyesi chao kikavu usikifagie: kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa na glavu, ukikusanye kwa koleo. Vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu.

Hatua ya nne: dari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Hapa usiharakishe.

Kwanza hakikisha bati halivuji tena, kwa mvua moja kubwa au kwa ndoo za maji zilizomwagwa juu huku mtu akitazama ndani. Bodi ya jipsamu ikilowa hulegea na kuanguka. Pili, muite fundi umeme akague nyaya zote zinazopita juu: viungio viwe ndani ya maboksi, hakuna waya uliotafunwa na panya. Baada ya dari kufungwa hutaziona tena.

Kuchagua aina ya dari:

Bodi ya jipsamu ni laini, nzuri kwa macho, na huzuia sauti ya mvua kwenye bati kiasi kwamba mtoto anaweza kusoma masika. Iweke sebuleni na vyumbani. Jikoni na bafuni usiiweke.

Dari ya plastiki haiogopi maji na husafishwa kwa kitambaa, kwa hiyo inafaa bafuni. Ni nyembamba, haizuii joto vizuri peke yake, na haitakiwi karibu na moto.

Mbao za kuunganisha kwa ulimi na mfereji ni imara na zina joto zuri, ila bei yake iko juu na lazima mbao iwe imekauka na kutiwa dawa ya mchwa.

Hesabu ya bodi ni rahisi. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 inafunika futi za mraba 32. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120, gawanya kwa 32 upate 3.75. Nunua 5, kwa sababu ya vipande vinavyopotea kwenye kukata. Pima mwenyewe kabla ya kuletewa orodha ya vifaa.

Fremu hujengwa kwa mbao za inchi mbili kwa mbili zilizotiwa dawa, zikiachana sentimeta 60, zimefungwa kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na kuzungushwa ukutani. Tandika uzi kutoka ukuta hadi ukuta kabla ya kupigilia, ili dari isije ikawa na tumbo katikati. Bodi za milimeta 9 zifungwe kwa skrubu za jipsamu, kichwa kikizama kidogo bila kupasua karatasi. Viungo vipakwe poda ya jipsamu juu ya tepu ya nyavu, pasuguliwe, ndipo rangi. Zunguka ukutani uzibe mwanya wote kwa poda au korniisi (urembo wa ukingoni mwa dari). Huo mwanya mdogo wa pembeni ukibaki wazi, upepo wa juu utaingia chumbani na sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa bure.

Acha mlango wa dari wa sentimeta 60 kwa 60, mahali pasipo juu ya kitanda, wenye kifuniko kinachokaa vizuri.

Je, kuna haja ya kuweka kitu kingine juu ya dari? Kwa Mwanza, kama fedha zinaruhusu jambo moja la ziada, ningeweka foili ya kuezekea, yaani karatasi yenye upande unaong'aa. Ikiwa paa bado halijaezekwa, hutandazwa juu ya papi kabla ya bati. Ikiwa limekwishaezekwa, hupigiliwa upande wa chini wa kenchi kwa stepla. Upande unaong'aa uelekee chini, kwenye nafasi ya hewa isiyopungua sentimeta 2.5. Ukigusanisha foili na kitu kingine pande zote, haifanyi kazi, kwa sababu yenyewe huzuia miale kuvuka hewa. Na ukielekeza mng'ao juu, vumbi litaufunika. Foili pia hupokea matone ya jasho la bati yasifike kwenye dari.

Pamba ya vioo, ya unene wa sentimeta 5 hadi 10, hutandazwa juu ya bodi kati ya mbao, na husaidia zaidi usiku. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu unapoitandaza. Usiiegemeze kwenye wavu wa pembeni ukaziba hewa, na usiilaze juu ya taa zilizozamishwa kwenye dari, maana hupata moto.

Kuna wanaoshauri maganda ya mpunga au maranda ya mbao, kwa kuwa vinapatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukoboa na karakana. Ni kweli huzuia joto. Lakini pia ni chakula cha moto mmoja wa waya, ni nyumba ya panya, na maranda ni karamu ya mchwa. Juu ya vichwa vya watoto sishauri.

Hatua ya tano: milango na madirisha

Baada ya dari, rudi kwenye alama zako za chaki.

Mwanya kati ya fremu na ukuta uzibwe kwa mchanga na saruji ukiwa mkubwa, kwa silikoni ukiwa mwembamba. Mlango wa mbao unaopitisha hewa pembeni uwekewe raba ya kujibandika ndani ya fremu, lakini safisha na ukaushe mbao kwanza, la sivyo itabanduka. Chini ya mlango funga brashi au raba. Asiye na hizo ashone mfuko mwembamba wa kitambaa kizito wenye urefu wa mlango, aujaze mchanga mkavu, aulaze kwa ndani kila jioni. Huo mfuko unazuia pia nge na vumbi.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana manyoya kwenye mkondo wake. Yakiisha, dirisha hutikisika na kuleta mluzi. Manyoya hayo huuzwa kwa meta na fundi huyabadilisha bila kung'oa dirisha. Yale ya vioo vya kupanga ndiyo magumu, hayafungi kabisa hata yakiwa mapya. Njia nafuu ni kupigilia nailoni angavu kwenye fremu nyepesi ya mbao, uipachike kwa ndani mwezi Juni na kuiondoa Septemba, ukiacha dirisha moja lifunguke.

Mapazia yawe mawili: jepesi la mchana na zito la usiku, linalofika karibu na sakafu na kuzidi fremu pande zote. Yafunge jua linapozama, kabla chumba hakijapoa. Asubuhi yafungue yote.

Hapa inafaa kujua jua linakopita. Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Katika miezi ya baridi, chumba chenye dirisha la kaskazini hupata jua la bure, ilhali cha kusini hupata upepo wa kusini-mashariki. Kama una mtoto mchanga au mzee, mhamishie upande wa kaskazini kwa miezi hiyo mitatu. Haigharimu chochote.

Kuta za magharibi zina habari yake. Nyegezi, Capri Point, na popote penye nyumba zinazotazama Ghuba ya Mwanza, dirisha la kuonea ziwa ndilo hupokea jua la saa kumi. Usilizibe, ziwa ni neema. Weka kibaraza au kivuli cha nje kinachoshuka, kwa sababu pazia la ndani huzuia jua likiwa limeshaingia. Mpasheni uliopandishwa kwenye waya meta moja kutoka ukutani hufanya kazi hiyo vizuri na unakupa matunda. Mwembe au mwarobaini uupande mbali na msingi, na mbali na gata, la sivyo utazibua majani kila mvua.

Hatua ya sita: kuta, mawe na maji ya mlimani

Ukuta wenye unyevu ni baridi hata chumba kikiwa na joto. Nyumba za mlimani, Bugando, Igogo, Isamilo na kwingineko, huvuta maji kutoka nyuma, pale mlima ulipokatwa kupata kiwanja. Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo ni kufungia maji ndani. Rangi itavimba na kubanduka. Tengeneza kwanza mtaro nyuma ya nyumba, wenye mteremko, unaopeleka maji pembeni mwa nyumba bila kuyamwaga kwa jirani wa chini. Ondoa udongo wote ulioegemea ukuta, ubaki chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimeta 15. Weka gata na uelekeze kwenye tanki. Kisha subiri kiangazi kikaushe ukuta, ubandue lipu iliyooza, upige mpya kwa saruji moja na mchanga minne au mitano, uimwagilie maji kwa siku 7 ili isipasuke. Rangi iwe ya maji, inayoruhusu ukuta kupumua.

Mwamba mkubwa ulio karibu na nyumba huhifadhi jua la mchana na kulitoa hadi usiku wa manane. Juni hilo linaweza kukufaa. Oktoba, kabla ya mvua, ni mateso. Usimwage zege kati ya mwamba na ukuta, acha nafasi ya hewa, na upande mimea ya kutambaa kwenye upande unaopigwa jua.

Sakafu inatosha kuisema kwa ufupi: saruji na marumaru hunyonya joto la miguu, tandika mkeka na juu yake zulia pale watoto wanapochezea, na godoro lisilale chini, liwe kwenye kitanda au chaga.

Jiko la mkaa halilali na watu

Nimeliweka hili peke yake kwa sababu kila hatua hapo juu inaifanya nyumba izibike zaidi, na nyumba iliyozibika ikiwa na jiko ndani inaua.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na mtu hufa usingizini bila kukohoa. Mkaa uliokuwa mwekundu, usio na moshi, ambao watu husema umeiva na hauna madhara, bado unaitoa. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jenereta ni vivyo hivyo, iwe nje na mbali na madirisha. Jiko likimaliza kupika litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala, mvua inyeshe isinyeshe.

Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu katika chumba kilichokuwa na jiko, na hasa wakiwa zaidi ya mmoja, watoe wote nje kwenye hewa mara moja na uwapeleke hospitali. Usiwaambie walale wapumzike.

Badala ya jiko, jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, uifunge kwa kitambaa kinene, uiweke kitandani nusu saa kabla ya kulala, uitoe mtoto anapolala. Mashuka na blanketi mbili nyepesi hutunza joto kuliko moja zito. Mtoto mchanga avishwe soksi, lakini asifunikwe uso, wala asizidishiwe nguo hadi atoke jasho.

Na acha tundu la hewa lenye wavu kwenye sehemu ya juu ya ukuta wa kila chumba cha kulala, chini ya dari. Chumba wanacholala watu wanne bila hewa mpya hueneza kifua kikuu na mafua.

Ukiwa mpangaji

Mengi ya hapo juu hayakuhitaji ruhusa ya mwenye nyumba: pazia zito, mfuko wa mchanga mlangoni, nailoni ya dirisha, mkeka, kuhamisha kitanda kutoka ukuta wa kusini. Kwa dari, zungumza naye kabla ya Mei. Baba au mama mwenye nyumba wengi hukubali gharama zikatwe kwenye kodi kidogo kidogo ikiwa vifaa vitabaki. Mwandikiane, mkiwa na shahidi.

Wengine huning'iniza dari ya viroba vilivyoshonwa au turubai. Inapunguza joto na jasho la bati, na ukiwa huna njia nyingine ifanye, lakini iwe mbali na taa ya balbu, na usiwashe mshumaa wala kibatari chini yake. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114.

Mpangilio wa kazi kwa mwaka

Mabati na gata yashughulikiwe Februari, kabla ya masika. Mtaro wa nyuma uchimbwe wakati huohuo, maana mvua ya Machi ndiyo itakayokuonyesha maji yanakopita. Dari na wavu vifanyike Mei mwishoni hadi Juni, bati likiwa limeshajaribiwa na mvua na mbao zikiwa zimepata siku za kukauka. Lipu ya nje ni ya Julai na Agosti. Kivuli cha magharibi kiwe tayari Septemba. Mpasheni upandwe masika iliyotangulia. Na kabla ya vuli, mwishoni mwa Septemba, panda ngazi, fungua mlango wa dari, mulika juu kwa tochi: tazama nyaya, wavu, nyayo za panya na alama za maji kwenye mbao. Rudia kusoma kipimajoto chako kwa saa zilezile tatu, ulinganishe na ulichoandika mwanzo, ndipo uamue fedha za mwaka unaofuata ziende wapi.